Diski moja ilale, nyingine ziendelee: umeme wa diski nyingi ndani ya kompyuta ya mezani

Jamaa mmoja anayehariri video za harusi alikuja karakana akiwa juu ya bodaboda, kasha la kompyuta yake kalipakata kama mtoto. Ndani mlikuwa na diski tano. Usoni mwa kasha alikuwa amefunga kipaneli cha swichi alichokiagiza mtandaoni, swichi moja kwa kila diski, ili zile asizozitumia zipumzike. Wazo lenyewe halikuwa baya. Siku moja, katikati ya kazi, alibonyeza swichi ya diski ya tatu huku kompyuta inawaka. Alipoirudisha, folda yenye sherehe mbili ikakataa kufunguka.

"Fundi," akaniuliza, "mbona nilisubiri mpaka taa ikatulia?"

Alisubiri kweli. Ila ile taa haikuwa ikimwambia alichodhani inamwambia.

Tangu siku hiyo nimelisikia swali lake kwa sura nyingine nyingi. Yupo anayesema Windows imemzimia diski ya akiba, iweje virusi viifikie? Yupo anayeogopa kugusa waya wowote mpaka achomoe kompyuta ukutani. Yupo aliyenunua diski, akaipachika, ikanyamaza kimya kama jiwe, akaitupa. Wote hao wamekwama mahali pamoja: neno "kuzima" tunalibebesha mambo matatu tofauti, kisha tunashangaa likituangusha.

Tuanze na vifaa

Lile kasha la chuma ambalo wengi tunaliita "sipiyu" si sipiyu. Sipiyu ni kipande kidogo kilichoketi kwenye ubao mama, huko ndani. Kinachotuhusu leo ni sanduku lililo nyuma, pale waya wa ukutani unapochomekwa: pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani wa volti 230 na kuushusha kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kwa desturi nyaya zake zina rangi. Njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, na nyeusi ni njia ya umeme kurudi. Siku hizi baadhi ya watengenezaji wanapaka nyaya zote nyeusi ili ndani papendeze, jambo lililonipotezea muda zaidi ya mara moja.

Diski ya aina ya SATA inaingiwa na kebo mbili. Ya kwanza nyembamba, yenye pini 7, inatoka kwenye ubao mama. Hiyo hubeba data peke yake. Ya pili pana, yenye pini 15, inatoka kwenye pawa saplai. Hiyo hubeba umeme. Kwenye diski kubwa ya inchi 3.5, volti 12 huzungusha mota na volti 5 hulisha elektroniki. Diski ndogo za inchi 2.5 za kwenye laptop, pamoja na SSD (diski zisizo na kitu kinachozunguka) za umbo hilo, kwa kawaida hutosheka na volti 5.

Kaa kidogo na hizo kebo mbili, kwa sababu jibu la maswali mengi limejificha hapo. Kompyuta inazungumza na diski kupitia kebo ya data. Waya wa umeme umetoka pawa saplai ukaenda moja kwa moja kwenye diski, na njiani hakuna mlango wala komeo. Hivyo mfumo unaoendesha kompyuta, uwe Windows au Linux, au programu yoyote utakayoishusha kwenye intaneti, haina mkono wa kuukata ule umeme kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Inachoweza ni kuituma diski ujumbe: "Tafadhali, lala." Diski ikiwa na adabu, italala.

Daladala iliyopaki

Piga picha ya daladala iliyofika mwisho wa safari. Konda anashusha abiria wote na kuhakikisha hakuna aliyesahau kikapu chini ya kiti. Halafu dereva anazima injini, lakini ufunguo bado uko pale na redio inalia. Usiku, wakiogopa wezi, wanafungua waya wa betri kabisa.

Diski nayo ina hatua hizo tatu. Ya kwanza ni kuachia: mfumo wa kompyuta unamaliza kuandika kila kilichobaki, unafunga mafaili, unaiondoa diski kwenye orodha yake. Ya pili ni kulala: vichwa vya kusomea vinapanda kwenye ngazi yake ya maegesho, mota inasimama, lakini elektroniki iko macho ikisubiri kuitwa. Ya tatu ni kukatiwa umeme. Diski haipo tena, kwa maana halisi ya neno.

Yule mhariri wa harusi aliruka hatua ya kwanza na ya pili, akaanzia ya tatu.

Kuhusu ile taa: ukinakili faili, mfumo haukimbilii kuandika kila herufi kwenye diski papo hapo. Unafanya kama muuza duka anayechora mauzo ya mchana kwenye karatasi, jioni ndipo anayahamishia kwenye daftari. Karatasi hapa ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwenye Linux, kwa mpangilio wa kawaida, data inaweza kukaa kwenye "karatasi" hiyo hadi sekunde 30 kabla haijasukumwa. Diski yenyewe nayo ina karatasi yake ndogo, mara nyingi megabaiti 64 hadi 256, ambako inapokea data na kusema "nimeshaandika" wakati bado inatafuta nafasi kwenye sahani, zile duara zinazozunguka ndani yake zikibeba data. Taa ikitulia maana yake ni kwamba kwa sasa hakuna mazungumzo kwenye kebo. Daftari linaweza kuwa bado halijajazwa. Na kinachoathirika sana si picha ya bibi harusi. Ni orodha inayosema picha hiyo iko wapi. Orodha ikikatika katikati, folda nzima inakosa mlango.

Kuachia si kazi ngumu. Kwenye Windows unafungua ukurasa wa usimamizi wa diski, unabofya kulia kwenye jina la diski (siyo kwenye herufi ya D au E, bali kwenye kisanduku cha kushoto chenye namba yake), kisha unachagua kuiweka nje ya mfumo (Offline). Kwenye Linux unatumia amri ya umount, halafu udisksctl power-off, amri ambayo kwa diski ya ndani huilaza taratibu na kuifuta kwenye orodha. Jina lake linadai inakata umeme. Sasa unajua kwa nini haiwezi.

Kulala, na hesabu ya LUKU

Windows ina mpangilio wa kuzilaza diski baada ya muda bila kazi. Kwa kawaida huja ukiwa dakika 20. Kasoro yake ni kwamba ni sheria moja kwa diski zote. Huwezi kuiambia "ya nne ilale baada ya dakika tano, ya pili isilale kabisa." Linux inakuruhusu, kupitia amri ya hdparm na kipimo chake cha S, ingawa aliyebuni namba zake sidhani kama alitufikiria sisi: 120 ni dakika 10, 240 ni dakika 20, lakini 241 ghafla ni nusu saa. Hadi 240 kila namba ni sekunde tano; kuanzia 241 kila hatua ni dakika thelathini.

Wengi wanaoniulizia swichi wanasema wanataka kubana umeme. Tupige hesabu. Diski kubwa inayozunguka bila kazi hula kama wati 5. Diski nne ni wati 20. Zikiwaka saa 24 kwa siku 30, ni uniti 14.4. Kwa mteja wa Tanzania aliye kwenye kundi la T1, lile la matumizi ya kawaida, uniti moja pamoja na kodi na tozo zake imekuwa ikizunguka kwenye shilingi 356, kwa hiyo ni kama shilingi 5,100 kwa mwezi. Ukiwa unawasha kompyuta saa nane tu kwa siku, inashuka hadi shilingi 1,700 hivi. Na karibu yote hiyo ungeipata kwa kuzilaza tu, kwa sababu diski iliyolala inakula chini ya wati moja. Aliyekuuzia swichi kwa hoja ya LUKU amekuuzia hoja dhaifu.

Joto na kelele ni hoja nzito zaidi. Wati 20 ndani ya kasha, kwenye chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, feni imejaa vumbi: hapo tofauti utaisikia kwa mkono.

Lakini usilaze diski kwa pupa. Kila kulala na kuamka kunahesabiwa, na watengenezaji wengi huahidi vichwa kupanda na kushuka ngazi mara 300,000 au 600,000. Nyingi? Weka muda wa kulala dakika tatu, halafu uwe na programu inayoichungulia diski hiyo kila dakika tano. Ni mara 12 kwa saa, mara 288 kwa siku. Mara 300,000 zinaisha kabla ya miaka mitatu. Diski inayozunguka kwa utulivu mwaka mzima huwa inachoka polepole kuliko inayoamshwa-amshwa kama mlinzi mwenye bosi mwenye mashaka.

Ukitaka kujua yako imefika wapi, soma kumbukumbu zake za ndani, zinazoitwa SMART. Kipengele namba 193 ndicho kinachohesabu safari za ngazi, na namba 4 kinahesabu mota kuanza na kusimama.

Virusi havigongi hodi

Hapa ndipo tofauti ya kulala na kukatiwa umeme inapogeuka kuwa fedha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita duniani kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na vya namna hiyo havijakoma. Kikiingia kwenye kompyuta, kinapekua kila diski inayoonekana, pamoja na ile uliyoitengea akiba. Diski iliyolala inaonekana. Kirusi kinapoomba faili la kwanza, diski inaamka kwa utiifu uleule inaokuonyesha wewe, inazunguka, na inajifunga yenyewe.

Diski uliyoiondoa kwenye orodha ya mfumo iko salama kidogo zaidi, ila programu yenye mamlaka ya msimamizi inaweza kuirudisha. Iliyokatiwa umeme haiwezi kurudishwa na programu yoyote, mpaka kidole cha mtu kiguse swichi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu moja ya kweli ya kufunga kipaneli: diski ya akiba ambayo kwa siku sita na saa ishirini na tatu za wiki haipo.

Ile saa iliyobaki ndiyo ya kuangalia. Usiwashe diski ya akiba ukiwa na wasiwasi na kompyuta yako.

Pampu inapoanza

Nyumba yenye pampu ya maji au friji kuukuu inajua hili: mota ikianza, taa zinafifia kwa nukta moja, kisha zinarudi. Kuanza kuzunguka kunataka nguvu nyingi kuliko kuendelea kuzunguka.

Diski ya inchi 3.5 inapoamka kutoka kimya hadi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, huvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Hiyo ni wati 24 kwa sekunde kadhaa. Ikishatulia inarudi kwenye zile tano au sita. Diski tano zikianza pamoja ni wati 120 juu ya kila kitu kingine, na zote zinaanza pamoja kila unapobonyeza kitufe cha kuwashia. Pawa saplai ya bei ya chini, iliyoandikwa wati nyingi kwa ujasiri wa karatasi tu, inaweza kuyumba hapo. Dalili yake mojawapo ni hii: kompyuta inawaka, inazima, inawaka tena, mara ya pili inakubali. Watu huilaumu Windows.

Kwenye seva kuna utaratibu wa kuziamsha diski kwa zamu, moja baada ya nyingine, na hata pini ya 11 ya plagi ya umeme ya SATA ina kazi kwenye mpango huo. Ubao mama wa kawaida wa mezani mara nyingi haukupi chaguo hilo. Swichi zinakupa, kwa mkono: washa kompyuta na diski ya mfumo peke yake, ikishakaa sawa, bonyeza nyingine moja moja.

Hii inatuleta kwa wale wanaoogopa kugusa waya kompyuta ikiwa inawaka. Hofu yao ina asili. Diski za zamani zenye kebo pana kama utepe hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. SATA imetengenezwa kwa ajili yake. Angalia pini za umeme kwa karibu utaona baadhi ni ndefu kuliko nyingine, ili zinazotakiwa kugusana kwanza ziguse kwanza. Sharti ni bandari, yaani tundu la kebo ya data kwenye ubao mama, iwe kwenye hali iitwayo AHCI, na kwenye baadhi ya mbao mama lazima uingie BIOS (ukurasa wa mipangilio ya ubao mama) uruhusu kuchomeka na kuchomoa kwa bandari hiyo. Bila ruhusa hiyo diski itawaka, itazunguka, na Windows itaendelea kutazama ukuta.

Kinachobaki cha kuogopa ni jirani. Swichi inapowashwa, vihifadhi chaji (kapasita) vya diski mpya vinafyonza umeme kwa pupa kwa muda mfupi mno, na diski nyingine iliyo kwenye kebo hiyohiyo inaweza kuhisi mtikisiko na kujianzisha upya. Kwa hiyo diski yenye mfumo wa kompyuta ninaipa kebo yake peke yake kutoka pawa saplai. Diski za swichi zinakaa kwenye kebo nyingine.

Swichi inakata nini?

Kama unajitengenezea, au unamtengenezea mteja, hapa pana kosa ambalo nimelikuta kwa mafundi wazuri tu. Ili kurahisisha kazi, mtu anaweka swichi kwenye waya mweusi, ule wa kurudia. Kwenye balbu ingefanya kazi. Kwenye diski haifanyi, kwa sababu kebo ya data nayo ina njia zake za kurudia zinazoungana na ubao mama. Ukikata mweusi, umeme unatafuta uchochoro na kurudi kupitia kebo ya data, ambayo haikujengwa kubeba mzigo wa mota. Kata njano na nyekundu. Nyeusi iache ilivyo.

Na zikatwe pamoja, kwa swichi moja yenye njia mbili. Ukikata volti 12 peke yake, mota inakufa lakini elektroniki inaendelea kujibu simu. Kompyuta inaona diski ipo, inaiomba data, inasubiri, inaganda. Swichi yenyewe iwe na uwezo wa ampea 5 hivi kwa kila njia. Kebo ya data haina haja ya kuchomolewa. Nyaya zake za mawasiliano zimekatizwa na vikapasita vidogo vinavyopitisha mapigo ya data bila kupitisha umeme wa moja kwa moja, kwa hiyo diski haiwezi kujilisha kwa mlango wa nyuma.

Je, ukikata ghafla vichwa vinakwaruza sahani? Hii ni imani kongwe na ilikuwa na haki yake zamani. Diski za sasa zina ujanja ninaoupenda kuliko yote humu: umeme ukikatika, sahani bado zinazunguka kwa msukumo wake, na mzunguko huo unaigeuza mota kuwa jenereta ndogo. Umeme wa jenereta hiyo ndio unaovuta vichwa kuvirudisha kwenye ngazi. Diski inajiokoa kwa nguvu ya kufa kwake. Ila ni breki ya dharura, na SMART inaiandika kwenye kipengele namba 192. Umeme wa mtaani ukikatika mara mbili kwa wiki na huna UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, namba hiyo tayari inapanda bila wewe kubonyeza chochote. Usiiongezee.

Diski iliyokataa kuamka

Sasa yule aliyetupa diski. Ni kisa kinachojirudia, na kinasikitisha kwa sababu diski ilikuwa nzima.

Wakati mwingine diski ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB, huuzwa rahisi kuliko diski tupu ya ukubwa uleule. Wajanja wanainunua, wanapasua gamba la plastiki, wanaitoa diski na kuipachika ndani ya kompyuta. Wanawasha. Kimya. Haizunguki, haionekani. Wanaijaribu kwenye kebo nyingine, kimya vilevile.

Mwaka 2016 kanuni za SATA zilipofika toleo la 3.3, pini ya tatu ya plagi ya umeme ilipewa kazi mpya. Awali pini tatu za mwanzo zilikuwa za volti 3.3, ambazo diski nyingi hazikuzitumia. Kazi mpya ya pini ya tatu ni amri ya kuzima: ikipewa volti 3.3, diski inakaa chini kimya. Lengo lilikuwa zuri, kwamba kwenye ukumbi wa seva maelfu mtu aweze kuizima na kuiwasha diski iliyoganda bila kutembea mpaka ilipo. Huo, kwa kejeli, ndio mkono wa kukata umeme ambao kompyuta zetu hazina. Lakini pawa saplai nyingi bado zinapeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo muda wote. Diski inayofuata kanuni hiyo mpya inasikia "zima" kuanzia sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, nayo inatii.

Dawa ni rahisi. Ziba pini ya tatu kwa kipande chembamba cha tepu ya Kapton, ile ya rangi ya kaharabu isiyoyeyuka kwa joto. Au ukate waya wa rangi ya chungwa kwenye kebo hiyo. Au utumie adapta kutoka plagi ya Molex, ile kubwa ya pini nne, ambayo ina njano, nyekundu na nyeusi mbili, haina chungwa kabisa.

Ukichagua adapta, iangalie shingo. Zipo ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya nyaya kama nta, na zipo ambazo nyaya zimebanwa kwenye plagi ya kufungua unayoweza kuona ndani. Za kumiminwa zimeunguza diski nyingi, kwa sababu ndani ya ile plastiki nyaya za njano na nyekundu zinaweza kusogeleana bila mtu kuona, mpaka siku zinapogusana. Nunua za kubanwa.

Vilevile usitoe umeme wa diski tano kwenye plagi moja ya SATA kwa kigawanyio. Kila volti kwenye plagi hiyo ina pini tatu, kila pini ampea 1.5, jumla 4.5. Diski tano zikianza pamoja zinataka ampea 10. Plagi haitalalamika, itayeyuka.

Na kama pawa saplai yako ni ile ya kebo za kuchomoa, usichukue kebo ya pawa saplai nyingine eti kwa sababu tundu linaingia. Upande wa diski umepangwa sawa dunia nzima. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji ana mpangilio wake. Nimeona volti 12 zikiingia mahali pa volti 5, diski mbili zikaondoka na harufu yake.

Wenye mifumo miwili

Kundi moja la mwisho hutumia swichi kuchagua: diski hii ina Windows, ile ina Linux, unawasha moja tu. Ni njia safi kuliko kuziweka pamoja. Mtego ni kwamba tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili. Kuna kipengele cha kuwaka haraka, ambacho huhifadhi sehemu ya mfumo kana kwamba kompyuta imesinzia, pamoja na kumbukumbu ya diski zote zilizokuwepo. Ukizima namna hiyo, ukawasha Linux, ukaandika kwenye diski ya data inayotumiwa na mifumo yote miwili, Windows ikirudi inaamka na picha ya zamani ya diski ile na kuanza kuandika juu yake. Kizime kipengele hicho, au uzime kwa amri ya shutdown /s /t 0.

Diski zilizofungwa pamoja kama kundi la RAID, yaani kadhaa zinazofanya kazi kama diski moja, usizitie swichi za peke yake. Kuzima moja ni kuliambia kundi kwamba mwenzao amefariki, na mazishi yake huchukua saa nyingi. Na SSD za M.2 zinazolala juu ya ubao mama hazina kebo ya kukata, kwa hiyo kipaneli hakizihusu.

Yule mhariri tulimrudishia sherehe moja na nusu. Kipaneli chake bado kipo, ila sasa kimebandikwa karatasi yenye mpangilio: achia kwenye Windows, sikiliza, ndipo ubonyeze. Swichi moja, ya diski ya mfumo, niliifungia nyaya moja kwa moja ili kidole kisiifikie.

Neno "sikiliza" alilidhani ni mapambo. Siku aliyokuja kuchukua kompyuta nilimkatia umeme wa diski moja mbele yake, nikaitoa mara ileile na kumpa mkononi, nikamwambia aigeuze taratibu. Mkono wake ulikwenda upande mmoja, diski ikamvuta upande mwingine. Sahani zilikuwa bado zinazunguka humo ndani. Tukaishikilia hivyohivyo, bila kuisogeza, mpaka ile nguvu ilipoisha.